Uwanja Uliopimwa kwa Mwili wa Mtu

Nilijiandikisha kozi ya historia ya miji kwa sababu ile ya upishi ilikuwa imejaa. Kila Jumamosi, maktabani Vällingby, kitongoji cha Stockholm ninakoishi, mzee mmoja mstaafu wa kazi ya ramani alitueleza jinsi Waitaliano wa zama za Mwamko, karne tano hivi zilizopita, walivyochoshwa na vichochoro, wakaamua mji upangwe kwa akili. Barabara zinyooke. Nyumba zilingane pande zote mbili. Katikati pawe na uwanja uliopimwa kwa mwili wa mtu, raia wakutane hapo wawe watu kamili. Fikra hizo zilifika hadi Stockholm, alisema. Watawala wakavuta kamba za kupimia juu ya mitaa ya kale, na mwenye kibanda kilichopinda akahamishwa. Hata uwanja wetu pale nje ya dirisha, ingawa ni wa juzi tu, ni mjukuu wa ule wa Italia.

Nikamwamini. Mimi mtu akiniambia jambo huku ana picha mkononi, basi, kwisha.

Mwezi wa tano mama yangu akafariki huko Bukavu. Pasipoti yangu ilikuwa ofisini ikisubiri kubadilishwa, kwa hiyo kumzika sikuweza. Kilichobaki ni matanga, na hayo niliyataka kwa moyo wote: watu waje, wakae nami, tumlilie siku tatu. Kwetu anayelia peke yake ndani ni kama ameficha msiba.

Siku ya kwanza watu thelathini waliingia katika chumba changu na sebule. Walikaa kitandani, jikoni, mpaka kwenye ngazi. Jioni tukakuta karatasi mlangoni, ya Kiswidi chenye adabu tele, ikituomba tuwafikirie majirani. Kanisa letu nalo ni la kukodi, tunapewa Jumapili tu.

"Bon, dada, tutalilia wapi sasa? Mu choo?" akaniuliza mama mmoja wa kwaya yetu.

Nikamkumbuka mzee wa ramani. Nikawaambia, kwa majivuno ya mwanafunzi, kwamba pana mahali palipojengwa makusudi ili watu wakutane.

Kesho yake alasiri tukapanga viti vya kukunja uwanjani, kwa duara, na picha ya mama juu ya kiti chake mwenyewe. Wimbo wa kwanza haukuisha, mlinzi akafika. Mwanamume mpole, ndevu nadhifu. Aliuliza kama tuna kibali.

"Mwambie uwanja huu umejengwa ili raia wakutane," nikamwagiza binti yangu, aliyezaliwa hapa na anayejua kubishana kwa Kiswidi.

Mlinzi alikubali kabisa. Kukutana ni ruhusa, akasema. Ila viti ni tukio, na tukio lazima liwe na kibali.

"Mama, anasema tukisimama si tukio."

"Mimi magoti yangu ni ya miaka sabini!" mama wa kwaya akafoka, wala hakuinuka. Inaonekana yule mtu aliyepimwa mwili na Waitaliano hakuwa na magoti.

Binti yangu akanyoosha kidole kwenye picha. "Det är min mormor," akasema. Ni bibi yangu. Mlinzi akavua kofia, akaitazama picha, akaitazama saa. Zamu yake inaisha saa kumi, akasema; hadi hapo yeye hajaona viti. Ilikuwa saa tisa na dakika ishirini.

Tukalia. Tulilia mbiombio, kama watu wanaoanua nguo mvua ikija. Mchungaji aliomba jicho moja likiwa kwenye saa. Mimi nilisimama kuwahadithia jinsi mama alivyokuwa akinipangusa uso kwa ncha ya kitenge chake kabla ya shule, sikufika hata katikati. Viti vilishaanza kukunjwa.

Mlinzi akarudi kutuaga. Kwetu mama akifa, watu humlilia siku tatu. Wangu uwanjani alipata dakika arobaini. Lakini si hilo linaloniuma mpaka leo. Linaloniuma ni kwamba niliushika mkono wa yule mlinzi kwa mikono yangu miwili, nikainamisha kichwa, nikamshukuru.