Mtihani wa Nyonga

Hasira za Bibi Nyonga zilianzia miguuni. Si miguu yake, miguu ya binti yake, aliyesimama mbele ya watahini wawili, mama yake akiwa mmoja wao, kutafuta mkanda mweusi wa judo huku mguu mmoja uko mbele na mwingine nyuma, kama mtu anayetaka kukimbia.

"Miguu!" alifoka.

Kitindamimba, maana hata wanafunzi wenzake walimwita hivyo, akajifanya kiziwi. Alirusha mkono juu ya mgongo wa mwenzake, akaudaka mkanda, akajitupa chini yeye mwenyewe, wakabiringika wote wawili mpaka yeye akawa juu na mwenzake chini, anakohoa. Mtupo huo ulikuwa umempa medali tatu. Mama yake alizitundika sebuleni, ila hakuwahi kuzitazama bila kukasirika.

Mchana mama huyu alikuwa fundi wa makochi. Magodoro ya ukumbi ule, ambao zamani ulikuwa ghala, aliyashona yeye kwa turubai na sindano yake ya kazini, na juu yake alifundisha miaka ishirini na sita. Kabla ya yote alifundisha kutupa kwa nyonga jinsi alivyofundishwa yeye: miguu sambamba, magoti yakunjwe, nyonga iingie chini ya mkanda wa mwenzio, umbebe, umtue, na mkono wa koti lake usiuachie mpaka afike chini salama. Anayeachia ni mhuni. Anayeanguka pamoja na mwenzake ni mhuni na nusu.

Mtihani ulitaka njia hiyo ya zamani, na Kitindamimba alilijua hilo. Alijua pia kwamba bila mkanda asingeruhusiwa kufungua darasa lake mwenyewe, na wanafunzi kumi na wawili walikuwa wanamsubiri.

"Umefeli," mama yake alisema.

Mtahini wa pili, fundi saa aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, alikuna kichwa. "Dada, mpe nafasi nyingine basi."

"Nafasi ya nini? Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Watasema uhuni huu kaupata kwangu!"

"Mama," Kitindamimba alisema, na sauti yake nayo ilikuwa imeshapanda, "hiyo ya kwako kwenye mashindano haimwangushi mtu. Nani atakungoja wakati unageuka taratibu hivyo?"

"Taratibu? Mimi?"

"Njoo unitupe basi. Hapa hapa, wote waone."

Bibi Nyonga alikaza mkanda wake, akaja amefura. Alishika kola, akashika mkono wa koti, akageuka, akakunja magoti, akavuta. Hakuna kilichotokea. Binti alikuwa palepale.

"Umejikaza!"

"Sijajikaza. Nimesimama tu."

Alijaribu tena. Goti la kulia likamchoma, jasho likamwingia machoni, na uzito wa mwanawe ukabaki sakafuni kama kabati. Miezi miwili tu iliyopita alikuwa amemtupa mwanamume wa kilo tisini mbele ya darasa hili hili. Alimtupa bila hata kuhema.

Kitindamimba akamwinamia sikioni. "Tunakurukia, mama, tunajirusha wenyewe ukitutupa. Sote. Tangu goti lako liharibike, miaka minne sasa."

Nyani haoni kundule. Miaka minne! Miaka minne amewafokea watu kuhusu nyonga zao, na wao wanaruka kwa heshima, wanaanguka vizuri, wanainama, wanasema asante mwalimu. Alitamani kuwachapa wote makofi, mmoja mmoja kwa zamu, na la mwisho ajipige mwenyewe.

"Mtu asinirukie!" alisema kwa meno yaliyoumana, kisha akaingia mara ya tatu.

Safari hii binti alipanda juu mwepesi kama foronya, akapita juu ya nyonga, akatua chali, na kiganja chake kikalipiga turubai paa! Ulikuwa mtupo wa kitabuni kabisa. Ukumbi ukalipuka kwa makofi.

"Hiyo ndiyo judo!" fundi saa alishangilia. "Mmeona wenyewe?"

Bibi Nyonga alimtazama binti yake pale chini. Binti akageuza uso.

"Nyamazeni!" Makofi yakakatika. "Ameruka. Mimi sikumwinua."

Kitindamimba akasimama, machozi ya hasira yanamlengalenga. "Nimekusitiri mbele za watu, mama. Hata hilo hulitaki?"

"Silitaki."

Akamnyang'anya fundi saa karatasi na kalamu. Kwenye safu ya waliofeli, chini ya jina la binti yake, akaandika la kwake.