Vitabu Vitatu vya Ndege Moja

Kabla ya vile vitatu, kitabu kimoja kilimvunja mwanamke mmoja kidole. Kilikuwa kizito, cha jalada gumu, kimejaa habari za Zero, ile ndege ya kivita ya Wajapani ya wakati wa vita vikuu vya pili. Mumewe aliubana mkono wake wa kushoto ndani ya kurasa, akakifunga, kisha akakilalia kwa kiwiko na uzito wake wote mpaka mfupa ukalia. Kosa la mke lilikuwa kukinunua.

Mtaani walimwita Mama Pasi. Miaka mingi alikuwa amesimama katika chumba cha nyuma cha duka la dobi, mbele ya pasi ya mvuke, akinyoosha kola na ncha za mikono ya mashati ya watu ambao hajawahi kuwaona. Kazi ile ilimpa mkate, ikampa na uongo. Akija na jicho limevimba, mvuke ulimrukia. Akija na alama mkononi, ni pasi. Wenzake walijua kwamba pasi haiachi alama za vidole vinne shingoni, lakini waliinamia mashati yao wakaendelea. Nao wana sehemu yao katika habari hii, ingawa hakuna aliyewauliza.

Mumewe, Fundi Rangi, alipaka magari rangi gereji, na alikuwa mtu wa watu. Alisalimia wazee kwa mikono miwili. Jirani akikwama na gari, Fundi Rangi ndiye wa kwanza kusukuma. Jioni alijifungia chumba cha uani na kuchonga ndege za mfano, na ile Zero ndiyo iliyokuwa roho yake: urefu wa mkono mzima, mti mwepesi uliovikwa bati jembamba, kila ribiti, ule msumari mdogo wa kushikia bati, mahali pake. Aliipaka rangi kwa kukifuata kile kitabu, akaipeleka kwenye maonyesho ya wachongaji wenzake. Mzee mmoja aliyewahi kuwa fundi wa ndege akavaa miwani, akaizunguka, akasema, "Kazi safi, bwana. Ila rangi hii ni ya gereji, si ya Zero."

Watu walicheka. Fundi Rangi naye alicheka, akampa yule mzee mkono. Kicheko kile kilimfikisha hadi mlangoni kwake.

"Nani alichagua kile kitabu?"

"Mimi."

"Basi wewe ndiye uliyechagua."

Maneno hayo Mama Pasi aliyajua kama mtu anavyojua mlio wa mlango wake. Katika ndoa yao yote mumewe hakuwahi kuchagua kitu. Pazia alichagua mke, nyumba ya kupanga alichagua mke, daktari alichagua mke. Paa lilipovuja, aliyeichagua nyumba alipigwa teke la mbavu. Wapo wanaume wanaotaka kudhulumu na bado waonekane wana haki. Hao huwapa wake zao kazi ya kutafuta sababu, kisha wao hutoa hukumu.

Maonyesho yalipokaribia tena, Fundi Rangi aliikwangua ndege yake kwa msasa mpaka ikabaki bati tupu. Asubuhi moja, akikoroga chai, alisema kwa upole, "Leo upite duka la vitabu. Lete chenye rangi sahihi. Chagua vizuri."

Mama Pasi aliosha vikombe, akaenda kazini.

Mchana alimpitia wifi yake waende pamoja, dada mkubwa wa mumewe, aliyeuza viatu kwenye mtaa uleule wa duka la vitabu. Mama yao alipofariki, dada huyu ndiye aliyembeba Fundi Rangi mgongoni, na mpaka leo hakuwa amemtua. Mama Pasi alipong'olewa jino na mumewe, wifi alileta uji na kusema, "Mdogo wangu ana mkono mwepesi, lakini moyo wake mzuri. Nawe jifunze kunyamaza." Hakuwa amewahi kuuona mkono huo ukifanya kazi.

Mwenye duka la vitabu alikuwa mzee mwenye kijiti cha meno kilichohama kutoka upande mmoja wa mdomo hadi mwingine.

"Zero? Karibu, mama. Wewe ndiye rubani?"

"Huyu?" wifi akadakia. "Huyu akirusha hata kishada kinaangukia kwa jirani."

Mzee akacheka, akashusha vitabu vitatu. Cha kwanza kilikuwa kikubwa, cha picha za kung'aa. Humo Zero ilikuwa ya kijivu cheupe. Cha pili kilikuwa cha michoro, ndege imepasuliwa kama samaki kuonyesha matumbo yake. Humo kijivu kilikuwa na ukijani. Cha tatu kilionyesha vipande vilivyookotwa kwenye mabaki, na rangi yake ilikuwa kama chai ya maziwa iliyopoa.

"Kipi sahihi?" Mama Pasi akauliza.

"Hapo ndipo watu wanapokamatana mashati. Kampuni mbili ziliitengeneza, kila moja na rangi zake. Ongeza jua, ongeza chumvi ya bahari, ongeza miaka. Wenyewe waandishi hawajapatana. Chukua kimoja, ukae nacho kwa raha zako."

Mama Pasi aliweka kidole chake kilichopinda juu ya mchoro. "Rubani alikaa hapa? Nyuma ya mgongo wake kuna chuma gani?"

"Hakuna. Walitaka iwe nyepesi, iende mbali. Risasi ikija, imekuja. Tangi likiguswa, moto." Mzee alisema hivyo kwa furaha, kama anayesifu mchezaji wa mpira.

Mama Pasi alimtazama yule mtu mdogo aliyechorwa amekaa kwenye kiti chake, hana uso, kifo mbele yake na kifo nyuma yake.

"Wifi, beba hicho kikubwa twende," wifi akasema. "Viatu vyangu havijiuzi."

"Nikibeba hiki, ataniuliza kwa nini si kile. Nikibeba kile, ataniuliza kwa nini si hiki."

"Si umwambie tu alivyosema mzee?"

"Mwaka jana nilijieleza." Akamwonyesha kidole.

"Si ulisema mlango ulikubana?"

"Nilisema."

Mwenye duka akapata vumbi la kufuta rafu ya mbali. Wifi alikitazama kile kidole, akatazama pembeni.

"Labda siku hiyo alikuwa na mambo yake," akasema, lakini sauti yake haikufika mwisho.

"Njoo nyumbani jioni. Ukae tu, usiseme kitu. Ukitoka hapo utaniambia kama ni mimi nisiyejua kunyamaza." Kisha akamwambia mwenye duka, "Nifungie vyote vitatu."

Jioni Fundi Rangi aliingia na rangi chini ya kucha, akafurahi kumkuta dada yake. "Leo mvua itanyesha, mgeni mkubwa huyu." Halafu akaviona vitabu. Mkewe alikuwa amevifunua mezani kimoja kando ya kingine, na katikati ameiweka ile ndege ya bati tupu.

"Kipi?"

"Vyote."

"Nimeuliza kipi."

"Wewe ndiye fundi wa rangi. Chagua."

Fundi Rangi alimgeukia dada yake akitabasamu. "Unasikia ninavyojibiwa?" Akainama, akafunua ukurasa, akaenda kitabu cha pili, akarudi cha kwanza. Jasho likamtoka juu ya mdomo. Mtu aliyepaka mamia ya magari alisimama mbele ya rangi tatu kama aliyeamriwa kunywa sumu, kwa sababu akichagua na wakacheka tena, hakutakuwa na wa kumpiga.

"Chagua basi, mdogo wangu," dada akasema. "Ni rangi tu."

Aliishika ndege kwa mkia, akaizungusha. Bawa lilivunjikia begani kwa mkewe. Bati likamchana shavu kutoka sikioni hadi mdomoni. Mkewe alipoanguka, Fundi Rangi alimfuata chini kwa magoti, akamkaba koo, akaanza kukipigiza kichwa chake kwenye mguu wa meza, taratibu, kama mtu anayekung'uta brashi. Vitabu vikawaporomokea.

Dada alimvuta shati. Alimvuta nywele. Kiwiko kilirudi nyuma bila yeye kugeuka, kikampiga mdomoni, akaangukia kabati, glasi zikammwagikia. Ndipo Fundi Rangi alipogeuka, akamwona dada yake anatema damu na kipande cha jino.

"Nani alikuambia uje?" akasema huku akihema. "Wewe ndiye uliyechagua kuja."

Dada alijifuta mdomo. Kisha akaokota kile kitabu kikubwa kwa mikono miwili, na mdogo wake alipomgeukia tena mkewe aliyelala chini, akampiga nacho juu ya sikio kwa nguvu zote alizowahi kumbebea. Fundi Rangi akaanguka kiubavu juu ya vipande vya ndege, akashika sikio, akalia kwa sauti ya mtoto. Dada aliijua sauti hiyo. Safari hii hakuinama.

Walitembea hadi kituo cha polisi wameshikana viuno, shavu la mmoja limefungwa kwa kanga ya mwingine. Askari wa zamu aliwatazama, akauvuta mdomo. "Mama, haya mambo ya nyumbani si mngekaa mkayazungumza?"

"Tulikaa," wifi akasema, akafungua mdomo amwonyeshe pengo. "Aliyetupiga ni mdogo wangu wa tumbo moja. Nimeona kwa macho yangu. Andika hivyo kwanza."

Askari akasogeza karatasi. Akamtazama Mama Pasi, akamuuliza kama wanavyoulizwa wote wanaofika pale: "Unafungua kesi kwa hiari yako? Hujashurutishwa na mtu?"

Koo lilikuwa limevimba, sauti ikatoka kama mvuke.

"Nimechagua mwenyewe."

Askari akaandika. Kalamu ikagoma, akaitikisa, akaandika tena.