Siku Niliyotafsiri "Trap Crop" Buteba

Nimechoka kuchekwa, kwa hiyo acha niseme mwenyewe: waya uliomnasa mama mkwe wangu mguu uliwekwa pale kwa maneno yangu.

Mimi ni wa Busia upande wa Kenya, nimeoa Buteba, ng'ambo ya mpaka. Afisa wa kilimo alipotembelea kikundi cha wakulima cha mama mkwe alikuwa na Kiingereza tu, na kikundi kina Wasamia na Wateso, Kiswahili ndicho kinachowakutanisha, basi mama mkwe (alishawatangazia kwamba mkwe wake amesoma) akaagiza niende nikatafsiri. Nilikwenda vizuri mpaka afisa aliposema wapande "trap crop" kuzunguka mahindi, kwa sababu ya waharibifu. Trap najua ni mtego, crop najua ni mmea, zikiwa pamoja sijui ni nini, na kuuliza mbele ya wakwe nikaona haya.

"Waharibifu gani hiyo?" mzee mmoja akauliza.

"Ngedere," nikajibu (nani alinituma?), nikawaambia wategeshe mitego pembeni mwa mahindi. Wakafunga vitanzi vya nyaya za breki za baiskeli, shamba zima.

Majuma mawili baadaye nikapeleka sukari, nikamkuta mama mkwe ameketi chini kwenye mahindi, mguu umenaswa, na hakuna mtu mwingine pale. Kwetu mkwe hamgusi mama mkwe, hata kumkaribia ni aibu, kwa hiyo nikasimama mbali nikitazama mahindi, naye amejifunika leso usoni.

"Mkwe, ita watu," akasema mwishowe.

Nikakimbia, nikarudi na kikundi kizima, na yule afisa pia, maana siku hiyo ndiyo aliyokuja kukagua. Akauliza nyaya ni za nini. Wote wakanitazama. Akaeleza upya, nami jasho likinitoka nikatafsiri: ni majani ya ng'ombe, yale mabingobingo, yanapandwa kandokando ili mdudu wa mahindi ayafuate hayo, aache mahindi.

Mama mkwe, bado wanamfungua, akasema taratibu, "Mkwe wangu, si ungeuliza tu?"

Nimeapa neno nisilolijua nitauliza, awe nani mbele yangu. Lakini siku hizi wageni wakija, mama mkwe hutuma salamu kwamba mimi nipumzike tu.