Ngazi zote za Gitaza zinaitwa swedi

Hubert, muuza mikate wa Gitaza, anaapa kwamba Londoni, alikokuwa mpishi wa familia ya Kiingereza, aliona ngazi zinazotembea. Mutu anasimama tu, ngazi inamupeleka juu.

"Na mwenye kitunga kichwani?" anauliza jirani yake Swedi, huku akishindilia kokoto kwa kisigino.

"Kule hakuna vitunga, Baba Amissi," Hubert anamjibu Swedi.

"Basi hiyo ngazi iko ya watu wasio na kazi."

Ni saa mbili asubuhi. Swedi, mwenye miaka hamsini, anamalizia ngazi ya udongo ya hatua arobaini na mbili, kutoka ufukweni hadi uwanja wa kuanikia ndagala, dagaa wa ziwa. Kila hatua ina kigogo cha mkaratusi ukingoni. Kimo anakipima kwa kijiti kimoja, kilekile tangu chini.

"Mwenye mzigo haoni miguu yake," anasema. "Mguu unakumbuka hatua ya nyuma. Ukiudanganya hata kwa upana wa kidole kimoja, mutu anaanguka."

Alianza kazi hii kabla ya uhuru. Leo, toka Muhuta hadi Kabonga, ngazi yoyote ya udongo huitwa swedi, awe ameichonga nani.

Hubert hashangai. Ngazi za Londoni huitwa eskaleta, na zamani jina hilo lilikuwa mali ya kampuni moja. Watu wakalizoea kwa kila ngazi ya namna ile, mpaka wakubwa wakaamua ni la wote.

"Mwenye jina alisema nini?"

"Sikusikia. Nilikuwa jikoni."

Swedi ana sababu ya kuuliza. Kabla ya masika, Pascasie, mwanika ndagala, alivunjika mkono huko Kabonga, kwenye ngazi iliyochongwa na mutu mwingine. Sokoni ikasemwa: swedi imemwangusha. Mwaka jana Swedi alipata kazi tisa. Mwaka huu, wa nne wa uhuru, amepata hii moja.

"Wamekula jina lako, wamekuachia miba," mkewe Sikujua humwambia.

Pascasie anafika na kitunga kichwani. Mkono umepona, lakini haunyooki. Nyuma yake wanawake wenzake wanasimama kungoja.

Swedi anapangusa viganja.

"Mama Pascasie, unajua ile ya Kabonga sikuichonga mimi. Nakuomba upande hii wa kwanza, wenzako wakiona. Ukifika juu, uwaambie Swedi ni nani."

Pascasie anakisukuma kigogo cha kwanza kwa kidole cha mguu. Hakitikisiki. Anaziangalia hatua mpaka juu. Maji ya ndagala yanamtiririka shavuni, naye anapanda hatua ya kwanza.