Mwanzi na Bomba

Jumamosi iliyopita nilikuwa Rinkeby, mtaa wa huku Uswidi, nawafundisha watoto wadogo kuchora kwa burashi na wino wa Kijapani. Mmoja wao akaanza kujaza wino kati ya pingili za mwanzi aliouchora. Nikacheka peke yangu. Ngoja nikusimulie, rafiki yangu.

Nilikuwa na miaka minane, tukikaa mtaa wa Hagsätra. Mwalimu wetu, mama wa Kijapani, alitufundisha kwenye chumba cha chini cha jengo letu. Kwanza tulisugua kijiti cha wino juu ya jiwe lenye maji, taratibu, mpaka mkono ukafa ganzi na chumba kizima kikanukia masizi na kafuri. Subira hatukuwa nayo. Tulipigapiga miguu chini ya meza kwa hamu.

Siku hiyo kila mtoto alipewa karatasi moja tu, ile nzuri, ya kutundikwa maktaba. Nilitaka yangu ipite zote, maana bibi alikuwepo. Tangu afike kutoka Kivu alikuwa akishinda dirishani, kimya, na chakula hakimalizi. Mama alikuwa kazini, ikabidi nije na bibi.

Mwalimu alituonyesha kuchora mwanzi, ukiinua burashi kila mwisho wa pingili ili ibaki nafasi nyeupe. Lakini zile nafasi nyeupe ziliniudhi, niliona kama nimesahau kitu. Nikaziziba zote. Bibi akainama kutazama.

"Hii haiko muanzi, mama," akaniambia. "Hii ni tuyau."

Kweli, lilikuwa bomba la maji hasa. Machozi yakanilenga, na karatasi nyingine hakuna. Mwalimu akauliza bibi amesema nini, nikamtafsiria kwa Kiswidi huku nimenuna. Akacheka mpaka akashika meza, kisha akampa bibi burashi.

Bibi yangu alisuka vikapu vya mianzi tangu usichana wake. Akapiga pingili ya kwanza pembeni ya bomba langu, akainua. Akapiga ya pili, akainua. Tukaacha kazi zetu, tukamzunguka tukisukumana. Kisha akaanza kuongea! Mwanzi upi ni wa kikapu, upi wa uzio, nami natafsiri mbiombio mpaka Kiswidi kikaniishia. Sijawahi kufurahi vile. Jioni alimaliza sahani yake, akaomba tena.

Karatasi ilitundikwa hivyo hivyo, na majina yetu mawili.

Siku hizi chumba kile ni cha kuwekea baiskeli. Mwalimu alirudi kwao, na bibi tumeshamzika. Karatasi ninayo, na Jumamosi nilimkunjulia yule mtoto. Akauliza kwa Kiswidi nilichora mwanzi upi.

Nikamwonyesha bomba.