Sanduku la Nyama la Juaaka

Juaaka Petrussen hakupita darasa la saba, lakini mimi niliyempikia miaka tisa juu ya barafu kuu ya kwetu Grinlandi sijaona mtu mwenye moyo kama wake. Kazi yake ilikuwa kuendesha gari la minyororo lililovuta rada. Rada hupiga mawimbi chini, barafu huyarudisha, na Birthe, mkuu wa msafara, husoma kwenye skrini matabaka ya theluji ya kale.

Kiangazi kile tulikuwa tunatafuta pa kuchimba barafu ya kale iliyotulia. Siku moja kabla ya ndege kuleta mtambo, Birthe alipiga kelele za furaha. Mstari mmoja mkali, mita arobaini chini, ulikuwa umenyooka kilomita thelathini nzima.

"Barafu imetulia! Tunachimba hapahapa!"

Juaaka akaitazama picha, akatoka nje. Nilimkuta nyuma ya gari, uso umemsawijika.

"Kuna nini, mzee?"

"Mstari ule ni mimi."

Akanyoosha kidole. Mwishoni mwa kamba ndefu, nyuma kabisa ya rada, kulikuwa na sleji ndogo, kigari cha kuteleza thelujini, yenye sanduku la bati la nyama ya sili. Maisha yake yote alisafiri na mbwa, na nyama huwekwa mbali na mbwa. Mawimbi yaligonga bati na kurudi, umbali uleule, safari nzima, na skrini ikausoma umbali huo kama kina cha barafu.

"Na mbwa wenyewe wako wapi?"

"Usinicheke. Watanifukuza."

"Basi nyamaza! Nani atajua?"

"Watachimba bure miaka mitatu, wewe! Yule mama kazeeka akiitafuta barafu hiyo."

Akaingia hemani, akasema yote mbele ya watu. Nilimwonea fahari hadi machozi yakanilenga. Birthe akaamuru sanduku lifunguliwe kambani. Tulirudia njia ile bila sanduku. Mstari ukapotea, na matabaka yaliyofunikwa nao yakaonekana yamejikunja kama shuka la mgonjwa. Pale pasingefaa kuchimbwa hata shimo la choo.

Birthe akaizuia ndege kwa redio. Kisha akamwita Juaaka, nasi sote tukajua kibarua kimeota nyasi. Akatandaza ramani mezani, akampa kalamu yake.

"Kaa, kaka. Wewe umepita huku tangu ujana. Ungechimba wapi?"

Kwa miaka tisa hakuna aliyewahi kumwuliza hilo. Akaipokea kalamu, akaiinamia ramani.