Rangi Isiyochujuka ya Nzioka

Nzioka alikuwa nyapara wa shamba la mkonge nje ya Voi. Mwaka wa 1962 wakataji waligoma wakidai maji safi kambini, maana watoto walikuwa wakifa kwa kuhara. Aliyewaongoza ni Nzomo, mdogo wake wa tumbo moja.

"Kaka, ukisimama nasi watatusikiliza," Nzomo alimsihi.

"Mimi nala chakula cha tajiri. Sigeuki."

Nzioka akawataja vinara wote kwa meneja. Nzomo alifukuzwa kazi, akahamia Maungu kulima mahindi yaliyokauka kabla ya kubeba.

Meneja, Mzungu, alimshika Nzioka bega mbele ya watu, akamwita "dyed-in-the-wool". Karani Mwandawiro akaeleza: kwao Uingereza, sufu ya kondoo iliyotiwa rangi kabla ya kusokotwa uzi haikuchujuka, kwa kuwa rangi ilipenya kila unyoya. Nguo iliyopakwa rangi baada ya kufumwa ilipauka upesi. Ndipo mtu asiyebadilika akaitwa hivyo.

Nzioka alilipenda jina lile. Alijitapa nalo sokoni, hata kanisani. Mkewe, Nthambi, alikuwa akiinama tu.

Wazungu wakaondoka, akaja meneja Mwafrika. Mwaka wa 1978 kampuni iliamua kubomoa kambi. Nzioka, nywele zishakuwa mvi, alikuwa kwenye baraza ya ofisi aliposikia meneja akiuliza, "Tumtoe nani kwanza, wasije wakatuletea fujo?"

"Nzioka," Mwandawiro akajibu. "Huyo ukimwambia toka, anatoka. Wengine wakiona nyapara ameondoka kimya, watafuata."

Alipoitwa ndani na kuambiwa ahame kufikia Jumamosi, Nzioka alivua kofia.

"Ndiyo, bwana."

Nthambi alifunga vyombo kwenye shuka bila kumtazama.

"Hata neno moja, Baba Mumbe?"

"Ningesema nini?"

"Siku ya Nzomo ulijua la kusema."

Hawakuwa na ardhi popote. Walipanda lori hadi Maungu, wakashuka kwa Nzomo. Yeye alitoka, akampokea shemeji yake mzigo, akamwingiza ndani na kumpa kiti. Harufu ya isyo, mahindi yaliyochemshwa na maharagwe, ikatoka jikoni, na vikombe vikasikika vikigongana.

Nzioka alibaki uani kando ya godoro. Alikohoa, ajulikane yupo. Jua lilitua, na hakuna aliyetoka kumwambia karibu.